Machozi Yanapokosa Njia: Majibu kwa Wasomaji wa Kigoma na Tabora

Barua nyingi zilizotufikia safari hii, kuanzia Ujiji hadi Nzega, zinalalamikia jambo moja: jicho linachuruzika machozi na mwenyewe halii. Kabla ya kujibu, tuoneshane njia ya machozi ilivyo, maana tutaipitia tena na tena.

Machozi hutengenezwa na tezi iliyojificha juu ya jicho, upande wa nje. Yakishalowesha jicho huondokea upande wa ndani, karibu na pua. Simama mbele ya kioo uvute kope ya chini: pale pembeni utaona kidoti kilichoinuka kidogo, katikati yake kuna kitundu. Kope ya juu nayo ina chake. Kila kitundu kinaingia kwenye kifereji chembamba cha takriban milimita 10. Milimita 2 za kwanza zinakwenda wima, 8 zinalala kuelekea puani. Kwa watu wengi vifereji viwili huungana kabla ya kuingia kwenye kifuko cha machozi, kilicholala ndani ya kishimo cha mfupa kando ya pua. Chini ya kifuko unaanza mfereji mkuu, unapita ndani ya mfupa na kumwaga puani. Ndiyo maana mtu akilia sana kamasi nazo zinamtoka.

Ukisikia mtu amefanyiwa hivi na mwenzake vile kwa "ugonjwa uleule", mara nyingi si uleule. Njia imeziba mahali tofauti.

SWALI: Shikamooni. Mwanangu wa kiume ana miezi minne. Tangu wiki ya pili jicho la kushoto linatoa machozi, na asubuhi kope zinakuwa zimegandana kwa tongotongo. Jicho lenyewe ni jeupe, halina wekundu. Zahanati walinipa tyubu ya tetrasaiklini, likakauka, nilipoacha likarudi. Mama mkwe anasema nimkamulie maziwa yangu jichoni, jirani anasema apasuliwe mapema. Nifuate la nani?
*Mama, Ujiji*

JIBU: Marahaba, mama. Usifuate la mmojawapo. Watoto wengi wa namna hii njia yao yote imekamilika isipokuwa mlango wa mwisho, kule puani, ambako kuna utando haujafunguka. Machozi yanatuama kwenye kifuko, vijidudu vinazaliana, tongotongo linatoka. Tetrasaiklini inaua vijidudu lakini utando inauacha ulivyo, kwa hiyo ukiacha dawa tongotongo linarudi. Habari njema ni kwamba kati ya watoto kumi, takriban tisa hufunguka wenyewe kabla ya kutimiza mwaka. Miezi minne si umri wa kupasua.

Kazi yako kwa sasa ni kukanda, na kukanda kuna namna yake. Kata ukucha, nawa kwa sabuni. Wakati anaponyonya ndio mzuri, anakuwa ametulia. Weka ncha ya kidole cha shahada kwenye pembe ya ndani ya jicho, upande wa pua, usiguse jicho lenyewe. Kama vidole vyako ni vinene, tumia cha mwisho. Bonyeza mpaka uhisi mfupa chini ya ngozi. Hapo umeziba njia ya kurudi juu. Bila kulegeza, telezesha kidole kushuka kando ya pua kwa sentimita moja hivi. Inua, rudia. Mara 10 kwa mkao mmoja, mikao minne kwa siku. Kinachotakiwa ni maji ya ndani ya kifuko yasukumwe kwa nguvu yaupasue utando, kwa hiyo kupapasa ngozi au kusugua kwa kuzungusha hakusaidii kitu. Ukibonyeza ukaona usaha umechungulia kwenye pembe ya jicho, hujamuumiza. Ufute kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na kila pamba ifute mara moja tu. Namna hii ilielezwa na daktari aitwaye Crigler mwaka 1923 na bado ndiyo inayofundishwa.

Tyubu itumie jicho likiwa jekundu au usaha ukizidi, kwa siku ulizoandikiwa, usiifanye mafuta ya kila siku. Maziwa ya mama hayafungui utando, na yakikauka yanazidisha mgando kwenye kope, mpe mdomoni. Mate, mkojo, maji ya majani na chale kando ya pua visikaribie jicho la mtoto.

Kuna hali nne ambazo kukanda si jibu lake. Mtoto wa chini ya siku 28 mwenye kope zilizovimba na usaha mwingi apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vijidudu vya kisonono alivyopata wakati wa kuzaliwa vinaweza kutoboa kioo cha jicho, yaani sehemu angavu ya mbele, kwa muda mfupi. Mtoto anayekimbia mwanga, au ambaye kioo cha jicho kinaonekana kikubwa au kina ukungu, achunguzwe presha ya macho ya watoto, ambayo nayo huanza kwa machozi na huchanganywa sana na tatizo hili. Aliyezaliwa na uvimbe wa rangi ya bluu kwenye pembe ya jicho aonwe mapema, maana uvimbe huo unaweza kushuka puani ukambana pumzi. Na uvimbe mwekundu wenye joto pamoja na homa ni wa kulazwa.

SWALI: Binti yetu ana mwaka mmoja na miezi minane. Tulikanda mpaka tukachoka. Tumeambiwa azibuliwe kwa waya akiwa kwenye nusu kaputi. Kwa nini alazwe usingizi kwa kazi ya dakika chache? Waya huo hauwezi kumtoboa jicho?
*Baba, Kasulu*

JIBU: Hongereni kwa kukanda. Akishapita mwaka mmoja bila kufunguka, kuzibua ndiyo hatua inayofuata, na msicheleweshe sana: kadiri umri unavyosogea ndivyo nafasi ya kufaulu kwa mara ya kwanza inavyopungua.

Waya wenyewe ni mwembamba, ncha yake ni butu ya mviringo. Kwa mtoto hutumika nambari 00 au 0. Haupiti kwenye jicho. Daktari anapanua kwanza kitundu cha kope, anauingiza wima kwa milimita 2, kisha anaulaza kuelekea puani huku kope imevutwa ikakaza. Ukienda kama milimita 10 unagota mfupa. Hapo anausimamisha na kuushusha taratibu ndani ya mfereji mkuu, akielekeza nyuma kidogo, mpaka asikie utando umeachia. Halafu anasukuma maji yenye rangi na kuyanyonya puani. Rangi ikitoka puani, njia imefunguka.

Sasa fikirini mtoto wa umri huo akirusha kichwa waya ukiwa katikati ya mfereji. Ncha inachana ukuta, inaingia kwenye nyama na kutengeneza njia ya uongo; kovu la hapo ni gumu kutibu kuliko utando wenyewe. Kuna wanaowafanyia watoto wachanga kwa ganzi ya matone wakiwa wamefungwa kwenye shuka. Kwa umri wa binti yenu sisi tunapendelea alale. Faida nyingine ya usingizi ni kwamba koo linalindwa maji yasiingie kwenye mapafu.

Kabla ya usingizi, chakula kigumu na maziwa ya ng'ombe viishe muda wa saa 6 kabla, maziwa ya mama muda wa saa 4 kabla, maji matupu muda wa saa 2 kabla. Msimfiche daktari wa usingizi kwamba mlimwonea huruma mkampa uji alfajiri. Bora safari irudiwe. Akiwa na mafua au kikohozi cha kifua, tarehe isogezwe.

Tone la damu puani au kwenye machozi siku ile ni kawaida. Machozi yakiendelea baada ya miezi michache, mara ya pili daktari anaweza kurudia na kuacha mrija wa silikoni ndani. Wachache sana hufikia upasuaji wa mfupa, na hao huachwa wakue kidogo kwanza.

SWALI: Mdogo wangu, miaka 19, alianguka na bodaboda njia ya Mwandiga. Mkono wa breki ulimchana kope ya chini, palepale kwenye pembe ya ndani. Kituo cha afya walimshona nyuzi tatu. Sasa ni wiki ya sita, kidonda kimepona vizuri ila machozi yanamwagika shavuni kutwa. Nini kilikosewa?
*Msomaji, Kigoma mjini*

JIBU: Poleni. Alishonwa ngozi, kifereji kilichokatika ndani hakikuunganishwa. Hatumlaumu aliyeshika sindano. Kwa macho matupu kifereji hakionekani, na kituo cha afya hakina darubini ya upasuaji. Lakini ipo kanuni ambayo kila kituo kingeibandika ukutani: *mchano wowote wa kope uliopo kati ya kile kitundu na pua uhesabiwe umekata kifereji mpaka ithibitike vinginevyo.*

Kidonda cha namna hiyo kituoni hakishonwi. Linatazamwa jicho lenyewe kwanza: anaona? Mboni ni ya duara? Kama kuna dalili jicho limepasuka, linafunikwa kwa kikinga kigumu kisichogusa jicho, bila kubonyezwa na bila matone. Kama jicho ni zima, kidonda kinaoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, kinafunikwa kwa shashi iliyolowa, anapewa chanjo ya pepopunda na rufaa yenye saa ya ajali. Hakuna nyama inayokatwa na kutupwa, hata ikionekana inaning'inia. Nyama ya kope ina damu nyingi na hupona. Akiwa mtoto aliyeng'atwa na mbwa, na hao wengi huchanika papo hapo kwenye pembe, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 na chanjo ya kichaa cha mbwa ianze siku hiyo. Kwa kidonda cha usoni aulizie pia kinga ya sindano inayochomwa kwenye kidonda chenyewe.

Saa 24 hadi 48 za kwanza ndizo nzuri. Chini ya darubini daktari anatafuta mwisho wa kifereji upande wa pua: ni kiduara cheupe chenye mdomo uliojikunja, katikati ya nyama nyekundu. Kikijificha, jeraha hujazwa maji na hewa husukumwa polepole kupitia kifereji cha kope ya juu. Pale vipovu vinapotokea ndipo penyewe. Mrija mwembamba wa silikoni unapitishwa kuunganisha ncha mbili, nyama inayozunguka inashonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele, na mshipi unaoshikilia kope kwenye mfupa unarudishwa mahali pake. Huu mshipi usidharauliwe. Kope ikipona ikiwa imeachana na jicho, kifereji kitakuwa wazi na machozi hayatakifikia. Mrija hukaa kama miezi mitatu.

Kwa mdogo wako kifereji kimeshapona kwa kovu. Aende kliniki ya macho pale hospitali ya Maweni, vitazamwe vitu viwili: kope imelala vizuri kwenye jicho? Na kifereji cha juu kinapitisha maji? Wapo wengi wanaoishi kwa kifereji kimoja na machozi huwasumbua kwenye upepo tu. Yeye yanamwagika kutwa, kwa hiyo huenda kuna jambo la pili. Kope ikiwa imening'inia, kuirekebisha peke yake kunaweza kumtosha. Daktari anaweza pia kulifungua kovu na kukitafuta kifereji upya, ingawa nafasi si ile ya siku ya kwanza. Vifereji vyote viwili vikiwa vimekufa, hubaki kupitisha kibomba cha kioo, kiitwacho cha Jones, kutoka pembe ya jicho hadi puani. Kinafanya kazi, lakini kinataka kusafishwa na kuangaliwa maisha yote na hupenda kuhama mahali pake. Kwa kijana wa miaka 19 tungekiweka mwisho kabisa.

SWALI: Nina miaka 52. Jicho la kulia linatoa machozi mwaka wa tatu sasa. Karibuni imeota nundu laini kando ya pua. Nikiibonyeza, ute mzito unarudi jichoni. Daktari ameniandikia upasuaji uitwao DCR, akanieleza mfupa wa pua utatobolewa. Naogopa sana. Hakuna dawa ya kumeza? Na je, si moshi wa mabani (mabanda ya kukaushia tumbaku) uliosababisha?
*Mama, Urambo*

JIBU: Pole, mama. Moshi wa bani huwasha macho yote mawili, na ukikaa mbali nao unapata nafuu. Haujengi nundu upande mmoja. Ute unaorudi jichoni ukibonyeza umeshatoa jibu: kifuko kimejaa na mfereji mkuu chini yake umeziba. Wanawake wa makamo hupatwa zaidi, inaaminika ni kwa sababu mfereji wao ndani ya mfupa ni mwembamba. Dawa ya kumeza itakausha usaha kwa wiki mbili, haitafungua mfereji.

Usikae nao. Kifuko hicho kinaweza kugeuka jipu usiku mmoja. Mchubuko mdogo kwenye kioo cha jicho, hata wa bua la mahindi, ukipata usaha wa jirani unageuka kidonda kibaya. Na siku utakapohitaji kutolewa mtoto wa jicho, daktari makini hatakubali kulifungua jicho lililopakana na kifuko cha usaha.

Kuhusu mfupa: katika DCR mfereji ulioziba hauguswi. Unafunguliwa mlango mpya juu yake, kutoka kwenye kifuko moja kwa moja hadi puani, na kinachotenganisha hivyo viwili ni mfupa mwembamba. Wazo hilo ni la Mwitaliano Addeo Toti, mwaka 1904, na upasuaji wa leo ni huohuo ulioboreshwa. Pua yako haitabadilika umbo.

Siku yenyewe, shashi yenye dawa ya kubana mishipa ya damu inapakiwa puani, kisha ganzi ya lignokaini iliyochanganywa na adrenalini inachomwa. Unaweza kufanyiwa kwa ganzi na dawa ya kutuliza, au kwa nusu kaputi. Ngozi inakatwa milimita 10 hadi 15 kando ya pua, umbali wa kama milimita 10 kutoka pembe ya jicho, ili kukwepa mshipa wa damu unaopita hapo. Kifuko kinasogezwa, mfupa unamegwa kidogo kidogo kwa koleo maalumu mpaka tundu lifikie takriban milimita 15 kwa 15. Utaliona kubwa, lakini linapopona hujikunja sana, na anayeanza na dogo anamaliza bila tundu. Kifuko kinapasuliwa kwa urefu, ngozi laini ya ndani ya pua nayo inapasuliwa, na kingo zake zinashonwa pamoja. Mlango ukiwa na bitana, nyama mbichi hazikutani na kushikana. Mwisho mrija wa silikoni unapitishwa vitundu vyote viwili hadi puani, ngozi inafungwa. Kazi yote ni dakika 45 hadi 90.

Damu ndiyo inayosumbua katika upasuaji huu, kwa hiyo shinikizo la damu liwe limetulia kabla. Kama unameza aspirini au dawa ya kuyeyusha damu, sema wiki mbili kabla. Usiiache kwa uamuzi wako. Sema pia kama umewahi kuvunjika pua au ina polipu (kinyama kinachoota ndani ya pua). Muulize daktari kama ameitazama ndani ya pua yako. Ukuta wa katikati uliopinda na kugusa mahali pa mlango mpya ni sababu mojawapo ya kushindwa, na ni rahisi kuiona mapema. Sababu nyingine ni tundu dogo au lililokaa pabaya, kovu, na kuziba kwa pale vifereji vinapoungana. Pamoja na hayo, zaidi ya watu tisa katika kumi hupona.

Ukirudi nyumbani lala kwa mito miwili. Siku ya kwanza chai iwe vuguvugu. Ya moto inafungua mishipa ya damu. Usipenge kamasi kwa wiki mbili, chafya itoke kwa mdomo wazi, ndoo ya maji ibebwe na wengine. Damu ya kudondoka kidogo puani siku mbili za kwanza isikutishe. Ikimiminika, kaa wima, inama mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 15 bila kuachia kuchungulia, isipokata, hospitali. Nyuzi hutolewa siku ya 5 hadi ya 7, mrija kati ya wiki 6 na miezi mitatu. Ukija kupenga siku za baadaye ukasikia upepo unatokea kwenye pembe ya jicho, furahi: mlango uko wazi.

Upo pia upasuaji wa kupitia puani kwa kamera, usioacha kovu usoni. Ulishika kasi baada ya 1989 na matokeo yake yanakaribiana na huu. Unahitaji mtambo na mtu aliyeuzoea. Kwa maoni yetu kovu peke yake si sababu ya kufunga safari ndefu. La hapo hufifia baada ya miezi likalingana na mikunjo. Anzia kliniki ya macho ya hospitali ya Kitete, Tabora. Ukipewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, piga simu kabla ya kupanda gari uulize mambo matatu: daktari wa kazi hiyo yupo wiki hiyo? Mrija upo stoo au unanunua mwenyewe? Bima inaulipia?

Nundu ikiwa ngumu, ikipanda juu ya usawa wa pembe ya jicho, au machozi yakiwa na damu, picha ya CT itangulie, maana hapo tunahofia uvimbe wa aina nyingine. Na ikiwa nyekundu, ya moto, yenye maumivu kabla ya tarehe yako, nenda ukapewe antibayotiki. Asitokee wa kukuchoma kwa wembe au sindano ya kushonea. Tundu hilo linaweza kuvuja usaha miezi mingi. Upasuaji husubiri mpaka joto hilo lipoe.

SWALI: Nilifanyiwa DCR wiki tatu zilizopita. Leo nimeamka uzi laini unaong'aa umetokeza kwenye pembe ya jicho umefanya kitanzi. Niukate?
*Msomaji, Nzega*

JIBU: Usikate, usivute. Huo ni mrija wa silikoni, umepandishwa na chafya au umeupangusa ukiwa usingizini. Ukikata, kipande kinaweza kubaki ndani, au kurudi puani ukakivuta kwa pumzi. Bandika kitanzi kwa plasta nyepesi kwenye ngozi ya kando ya pua, kisigonge kioo cha jicho, uende kliniki kesho. Mara nyingi huvutwa chini kupitia puani na kukaa sawa. Ukiona vitundu vya kope vinachanika kuwa mpasuo, waambie: mrija umekazwa mno.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 70. Macho yote mawili hutoa machozi kwenye upepo na nikiwa nachochea bani. Na mimi nikatobolewe mfupa?
*Mzee, Sikonge*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Haraka ya nini? Macho mawili kwa pamoja, kwenye upepo na moshi, mara nyingi si mfereji. Jicho kavu hutoa machozi mengi, ajabu lakini ndivyo, linawashwa, linajitetea. Kope ya chini iliyolegea kwa umri nayo huacha kitundu kikitazama nje, machozi yanapita bila kukiona. Na kama uliwahi kuugua vikope utotoni, nywele za kope huenda zimegeukia ndani zinakwangua kioo. Hilo likithibitika litibiwe haraka maana huleta upofu, na upasuaji wake ni wa kope, hauhusiani na mfupa. Usizing'oe mwenyewe kwa koleo, zinarudi fupi na ngumu zaidi. Mwombe muuguzi wa macho akusukumie maji kwenye vitundu. Yakifika kooni, mfupa wako uachwe.

SWALI: Ninafanya kazi kliniki ya macho. Naomba mnifafanulie kusoma majibu ya kusukuma maji, maana wagonjwa wangu wengi wanarudishwa na karatasi iliyoandikwa tu "imeziba".
*Muuguzi, Kibondo*

JIBU: Swali la maana kuliko yote. Bonyeza kifuko kwanza: ute ukirudi, jibu unalo, na huna haja ya kumtesa. Kikiwa chekundu na kinauma, usisukume kabisa.

Matone ya ganzi, subiri dakika moja, rudia. Panua kitundu. Sindano butu iliyopinda, geji 26, kwenye bomba la mililita 2 au 5 lenye maji ya chumvi. Jaribu kwanza nje kwamba imekaza, isije ikarukia jichoni. Vuta kope kuelekea sikioni ikaze. Wima milimita 2, kisha laza. Makosa mengi hutokea kwenye ule mgeuko: aliyelaza mapema au bila kukaza kope anachoma ukuta, na kope inavimba maji yakiingia. Ikivimba acha, usijaribu tena siku hiyo.

Sukuma polepole. Maji yakifika kooni bila kizuizi, njia iko wazi. Kama bado analia machozi, tazama kope na ukavu. Sindano ikigota mfupa na maji yakarudi kwa kitundu cha pili yakiwa na ute, mfereji mkuu umeziba chini ya kifuko. Huyo ni wa DCR. Ikigota kitu laini kinachorudisha, ngozi ya pembeni ikijikunja, na maji yakarudi kitundu cha pili yakiwa masafi, kizibo kipo pale vifereji vinapoungana, na DCR ya kawaida peke yake haitamtosha. Yakirudi kwenye kitundu kilekile ulichoingilia, ni kifereji hicho. Ingia kwa cha pili uone. Yakigawanyika, mengine kooni mengine yanarudi, njia ni nyembamba.

Kwa mtoto usihangaike na sindano. Weka tone la rangi ya fluoresini kila jicho, subiri dakika 5, mulika kwa mwanga wa bluu. Jicho ambalo rangi bado imejaa ndilo lenye njia mbovu, na kulinganisha macho mawili kunakupa jibu hata mtoto akiwa analia.

Kwenye rufaa andika hivi: kitundu ulichoingilia, kama uligota mfupa au kitu laini na kwa milimita ngapi, maji yalirudi wapi, masafi au yenye ute, na kama mgonjwa aliyasikia kooni.